Fomu ya Waliopona

Basi la kutoka kliniki lilikuwa na viti vitupu tele, lakini bibi aliyempakata mjukuu mchanga alikwenda moja kwa moja kukaa kando ya binti mtafiti wa afya ya uzazi. Nilikuwa nyuma yao.

“Mwanangu, foleni nzima umeihoji, mimi ukaniruka. Kwa nini?”

“Nisamehe, bibi. Tunahoji waliojifungua, waeleze walivyohudumiwa, tujue kwa nini wengine hufa.”

“Aliyejifungua ni binti yangu. Alivuja damu tangu alfajiri hadi adhuhuri, tunaambiwa daktari yuko njiani. Alikata roho nimemshika mkono. Niulize mimi.”

“Fomu inataka ajibu mwenyewe, bibi.”

“Ala! Mnatafuta kinachoua wanaojifungua, halafu mnawauliza waliopona?”

Mimi, niliyehitimu chuo juzi nikiwa na imani kubwa na takwimu, niliinamia mbele nisikie mtafiti atajibu nini. Aligeuza fomu upande usio na maswali. “Huenda ofisini wasiihesabu, bibi, lakini nitaandika. Marehemu aliitwa nani?”

“Jina baadaye. Andika kwanza saa alizongoja.”

Basi likasimama. Kondakta akamwambia bibi kituo chake kimefika. Hakuinuka.