Kesho Mkipimwa Kumbukumbu

Mheshimiwa Meya, Mkuu wa Shule, Kocha Tillery, Mchungaji, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana wa timu mliokaa kule juu: mniwie radhi. Binti yangu Junie, mwenye miaka minne, sasa hivi tu amemshika baba yake mashavu akamwambia, "Baba, mimi ni Junie. Haya, sema." Aliposema, akampigia makofi. Nimechelewa kuja mbele kwa sababu nilikuwa nafuta machozi.

Leo mmetundika jezi ya mume wangu, Cedric Batiste, namba hamsini na nne. Miaka tisa amecheza kwa malipo mpira wetu huu wa Kimarekani, wa kuvaa helmeti, beki wa kati, yule anayemvaa kila mwenye mpira anayepenya ukuta wa mbele. Nani hapa Louisiana hajamwona akibwaga mtu? Kocha, ulimfundisha kuinuka kila alipoanguka, naye akakutii. Nani alimfundisha kubaki chini?

Mimi sikusoma sana, nitasema nilichokiona. Kila mwaka kabla ya ligi kuanza, daktari huwapima wachezaji kumbukumbu, ili siku mtu akigongwa kichwa apimwe tena, walinganishe alama; zikishuka, atolewe mchezoni. Cedric alikosea makusudi. Alirudi akicheka: "Mke wangu, hata mbuzi angenishinda! Sasa wanigonge wanavyotaka, hawanitoi." Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nikacheka na kumpakulia kambare. Leo tukiulizwa akili ilianza kumpotea lini, karatasi zote zinasema alikuwa hivyo tangu mwanzo.

Na juzi, kwa kinyozi, nimemsikia kijana wa shule hii akimwambia mwenzake, "Acha ushamba, kaka. Feli kidogo, kama Cedric."

Cedric ana miaka thelathini na mmoja tu. Mmeona dada yake amemtoa nje, taa zinamuumiza. Daktari anasema akipumzika huenda machache yakarudi. Hayo machache nayangoja kwa mikono miwili.

Vijana, kesho ni zamu yenu kupimwa. Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio, ila sishuki kwanza. Atakayejibu kweli anyooshe mkono nimwone. Wewe, asante. Na wewe kule. Nahodha, mdogo wangu, mbona wako uko mapajani? Sikugombezi, naku...

"Wifi! Njoo mbio! Cedric amechukua helmeti kule mlangoni, kaivaa, anasema aingizwe, kipindi cha pili kimeanza!"

Nakuja, wifi. Nahodha, bado naungoja mko...