Mzee Geti Anaondoka, Kufuli Bado Lipo

Tarehe thelathini mwezi huu dereva wetu wa gari la zimamoto anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia shule hii ya marubani wa jeshi. Wengi mnamwita Mzee Geti. Wageni hudhani ni utani tu. Si utani.

Alianza kwa kuosha magari, akapanda hadi kwenye usukani. Gari lake analiita Mke Mdogo, na asubuhi hulisalimia kabla hajatusalimia sisi wa jikoni. Mwanangu alipokuwa mchanga na hataki kulala, Mzee alimpakata ndani ya gari lile, injini ikinguruma taratibu, mtoto akalala fofofo. Hadi leo akisikia zimamoto anapiga miayo.

Sasa hilo geti. Mwaka juzi ndege ya mafunzo ilizimika angani ikaanguka shambani, nyuma tu ya uzio wetu. Ndani walikuwamo mwalimu na mwanafunzi wake, binti mdogo. Moshi tuliuona sote kutoka jikoni. Gari likafika geti la nyuma, likakuta kufuli, na mwenye ufunguo kaenda kula. Mzee hakupiga honi. Alirudi nyuma kidogo, akalivamia geti likalala chini. Mwalimu alitolewa mguu umevunjika, binti alitolewa akimlilia mama yake. Hawajafika mbali, ndege yote ikawa moto.

Na shukrani yake? Aliitwa ofisini ajieleze kwa nini kaharibu mali ya umma! Yaani watu wawili wanapumua, mkubwa anauliza habari za bawaba. Mzee akamjibu kwa adabu zote, "Geti linachomelewa, mkuu. Yule binti ningemchomelea wapi?"

Geti likachomelewa kweli, likapakwa na rangi. Halafu, jamani, likafungwa kwa kufuli lilelile! Asubuhi hii nimepita nikalishika kwa mkono wangu. Na ndege zinaruka kila siku, zimebeba watoto wa watu.

Tulimuuliza Mzee anataka zawadi gani. Saa ya ukutani hataki, kiti cha kubembea hataki. Anataka kufuli lile, aende nalo kwake. Wakubwa mlioketi mbele, mpeni leo, kabla soda hazijafunguliwa.

Mzee wetu, asante. Nenda ukalale mpaka jua likuchome usoni, wajukuu wakupande mgongoni. King'ora kikilia, usiamke. Tutatoka sisi, na geti tutalikuta wazi.