Mlilaki wa Mama Hauendewi kwa Foleni

Mbele ya duka la misumari na rangi la Nyberg, hapa Tamarack Falls, Minnesota, kuna benchi ambalo halijawahi kukosa makalio tangu lipigiliwe msumari wa mwisho. Jumamosi ile ya mwisho ya Mei, theluji ikiwa imetuaga juzi tu, tulikuwa wanne na chupa moja ya kahawa: mimi, Merle, tunayemwita Jaji kwa kuwa aliwahi kukaa mahakamani siku mbili kama mzee wa baraza, Delbert, tunayemwita Redio kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia, na Orrin Tollefson, fundi bomba mstaafu, tunayemwita Birika, na asubuhi hiyo mfuniko ulikuwa unarukaruka. Ng'ambo ya barabara, uwanjani kwa kanisa, klabu ya bustani ilikuwa inapanga miche ya mililaki, vile vichaka vya maua ya zambarau vinavyonukisha mji mzima wiki mbili, kisha vinanuna mwaka mzima. Mauzo huanza saa tatu kwa kengele. Foleni ilishafika ngazi za kanisa.

BIRIKA: Wameandika jina! Jina la marehemu mama yangu, kwenye kijiti, limechomekwa ndooni kama bei ya nyanya! "Mlilaki wa Agnes Tollefson, dola kumi na mbili."

JAJI: Kumi na mbili si ghali.

BIRIKA: Merle, nitakumwagia hii kahawa.

Hasira yake ilikuwa na mguu wa kusimamia. Nyumba ya mama yake ilibomolewa Aprili, barabara inapanuliwa. Kabla tingatinga halijafika, wanawake wa klabu walikwenda na sepetu wakaokoa machipukizi matatu ya mlilaki wa bibi yule. Matatu tu. Orrin alitaka moja.

BIRIKA: Nimemwendea Verna Quist, mwenyekiti wao. Nikamwomba kistaarabu...

REDIO: Tulikusikia hadi huku.

BIRIKA: ...kistaarabu! Niwekee mmoja. Ananijibu nini? "Orrin, foleni inaanzia kule." Mimi! Nipange foleni nikamnunue mama yangu!

JAJI: Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

MIMI: Hiyo inahusu nini hapa?

JAJI: Mche si mtoto wa mti? Wacha nimalize kahawa.

REDIO: Verna ana kisasi, bwana. Bi Agnes alimshinda mashindano ya pai miaka kumi na moja mfululizo. Sasa nani anakaa kwenye kamati ya barabara? Shemeji yake Verna! Ile njia ilikuwa inapita magari manne kwa siku, mawili ya posta. Inapanuliwa ya nini? Walikuwa wanautaka mlilaki!

BIRIKA: Nilijua!

JAJI: Ukiona vyaelea, vimechimbwa.

REDIO: Hilo dogo. Mlilaki huchipua pembeni, kila mwaka hatua moja. Klabu inauza miche mwaka wa arobaini huu. Mizizi imeshashikana chini kwa chini, kutoka kwa Verna mpaka kituo cha zimamoto. Siku wakiamua kuvuta...

MIMI: Kuvuta nini?

REDIO: Mji!

MIMI: Orrin, foleni imefika kwenye sanduku la barua. Nenda kajipange, ugomvi utaukuta hapahapa.

BIRIKA: Siendi! Mwaka visima vilipokauka mama aliunywesha ule mti maji ya kuoshea vyombo. Kalazwa hospitali, hata kijiko hakishiki, ananiuliza, "Umechanua?" Halafu nisimame nyuma ya mapacha wa Lindahl, nimsubiri kama mkate?

Hapo akapita mama mmoja mgeni, ndoo mkononi, buti zake bado zina karatasi ya dukani.

MGENI: Samahani wazee, huu ndio mwisho wa foleni?

JAJI: Huu ndio mwanzo wa haki, mama.

Birika akammwagia kisa chote kwa pumzi moja: tingatinga, kijiti, Verna, mapacha. Mama akatua ndoo, akasikiliza hadi mwisho.

MGENI: Pole, baba. Kweli ni wa kwenu. Ukiupata, utaupanda wapi?

Tangu nyumba ibomolewe, Orrin anaishi chumba kimoja juu ya kinyozi, dirisha linatazama lami. Redio alizimika, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Ng'ambo, kengele ikalia.

BIRIKA: Wewe unakaa wapi?

MGENI: Nyumba ya njano, pale mnara wa maji. Uani kuna nyasi tupu.

BIRIKA: Jua linafika?

MGENI: Kutwa.

BIRIKA: Sasa umesimama hapa unafanya nini? Watakumalizia! Kijiti chenye jina la Agnes, usipewe kingine! Kila theluji ikiyeyuka uupe majivu, bakuli mbili. Na ole wako uukate kabla haujachanua, nitapita kila siku kukagua!

Mama akaondoka nusu mbio. Birika akapanda juu ya benchi, mikono mdomoni.

BIRIKA: Majivu ya kuni, mama! Ya kuni! Si ya yale makaa ya dukani!