Kaeni Upande Wangu wa Kulia

Mwenyekiti, samahani, nakuomba usogee huku kulia. Ukiniambia muda umeisha ukiwa kushoto, tutalala hapa Ilala wote. Haya, asante. Walionizidi umri, shikamooni. Vijana, hamjambo. Mkinijibu muinue na mikono, nijue nimejibiwa.

Ndugu zangu, nilikuwa mwanamaji wa jeshi, kijana wa miaka ishirini, wakati wa vita vya Kagera. Tulikuwa kwenye boti ya doria, Ziwa Victoria. Kazi yangu ilikuwa kulisha risasi mzinga uliokuwa kushoto kwangu. Tukirudi gatini nilisimama mbele kabisa nikimwongoza nahodha kwa mikono, maana injini ilimeza kila neno. Mzinga ule ulipiga, ukapiga, mpaka siku moja nikaona wenzangu wanafungua midomo na sauti haiji. Sikio la kulia lilirudi nusu baada ya siku chache. La kushoto halijarudi mpaka leo.

Sikumwambia mtu. Nimetoka vitani mzima, tumeshinda, nimerudi Kariakoo kwa mama yangu muuza maandazi, mtaa mzima umenipokea kwa vigelegele. Halafu nianze kusema mimi kiziwi? Nikanyamaza.

Sasa mnajua mtaani kwetu, hupiti bila salamu. Aliyenisalimia kulia nilimjibu. Wa kushoto nilimpita kama nguzo. Wakasema najisikia. Kujisikia, ndugu zangu, mtu ambaye hata honi haisikii! Nikapata kazi kwenye duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi. Haikufika wiki mbili, mzee mwenye duka akaniita pembeni kwa upole: "Kijana, wateja wanasema una dharau. Mimi nitafanya nini?" Nikachukua shati langu nikaondoka.

Kilichoniuma zaidi ni mama. Jioni moja aliniambia, "Mwanangu, bibi wa nyumba ya tatu amekuita mara mbili, umempita. Nimekulea hivyo? Unanivunjia heshima mbele za watu." Nililia chumbani, siwafichi. Lakini bado niliona afadhali niitwe mwenye dharau kuliko kiziwi. Ujana una mambo.

Siku ya siku ikafika. Mchana, pembeni mwa soko, mkokoteni wa vitunguu ukanigonga kutoka nyuma, upande wangu wa kushoto. Nikaenda chini, goti linavuja damu, vitunguu vimetapakaa. Watu wakamkamata msukuma mkokoteni, kijana wa rika langu. "Umemgonga mwanajeshi wetu." Yeye anaapa, "Haki ya Mungu nimeita njia, nimeita mara tatu." Mmoja akasema, "Mwongo, ungeita angesikia," na akamzaba kofi. Mwingine tayari anavua mkanda.

Nawaambia ukweli, niliwaza kunyamaza. Neno moja tu lingemwokoa, na neno hilo ndilo nililolificha miezi mitano. Nikamtazama machoni. Nikasema, "Mwacheni. Ameita. Mimi ndiye sisikii. Sikio hili lilikufa vitani."

Mama mmoja muuza nyanya akashika kiuno: "Kumbe! Na mimi nimekununia tangu uliporudi." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nimekaa chini katikati ya vitunguu. Nilijiona mwepesi ajabu.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama siku zote alikaa kushoto kwangu. Siku hiyo alinyanyua kigoda chake, akakizungusha, akakiweka kulia. Akakaa. "Haya, tuanze upya. Umeshindaje, mwanangu?"

Asubuhi yake yule msukuma mkokoteni akaja kunijulia hali, tukatoka pamoja. Uchochoroni lori limekwama, linarudi nyuma, utingo anapayuka, dereva haelewi. Mikono yangu ikapanda yenyewe. Kulia kidogo. Taratibu. Simama. Lori likaingia kama boti gatini. Tangu siku hiyo madereva wakawa wanauliza, "Yule mwanamaji yupo?" Kazi hiyo nimeifanya hadi uzeeni, nimejenga, nimesomesha watoto wanne, na sijakwaruza ukuta. Sawa, mmoja, ila dereva alikuwa mbishi.

Nawashukuru mama yangu, Mungu amrehemu, na akina mama wa sokoni walionisamehe salamu zote zile. Na namshukuru aliyenigonga. Ni yule pale mwenye mvi, amekaa kulia kwangu, kama kawaida yake.

Binti wa mstari wa pili, nimekuona unavuta mtandio kuficha hicho kifaa cha sikio. Sikulaumu, mimi nilificha kwa kiburi kabisa. Nakuomba kitu kimoja tu. Leo ukifika nyumbani, mwonyeshe mama yako upande wa kukaa.