Rada na Zege la Ngwali

Kijiwe chetu hapa Mkoani, panapoteremka barabara ya bandarini, kina benchi lililotulia kuliko yote kisiwani. Nasema bila haya. Zamani lilikuwa likiyumba, kahawa ikituunguza mapaja, mpaka Ngwali, tunayemwita Injinia kwa sababu aliwahi kuchanganya zege, akashindilia kifusi chini yake, akamwaga saruji, pakawa sawa kama sakafu ya msikiti. Asubuhi hiyo tulikuwa tumekaa hapo, kifua mbele, simu ya Mmanga ilipolia. Mmanga ndiye Redio yetu. Habari isiyopita kwake haijatokea.

— Ujumbe wa Sheha huu, — alisema Mmanga. — Rada imeona mvua kubwa yaja, itatushukia kabla ya adhuhuri. Kila mtaa uzibue mitaro yake.

— Hiyo rada ndiyo kitu gani? — aliuliza Othman, muuza kahawa, akijaza vikombe.

— Chombo, yakhe. Charusha mawimbi mawinguni, yakirudi chajua mvua kiasi gani na itaangukia wapi.

— Kuona tu? — Ngwali alidakia. — Ukiikaza sana yasukuma wingu! Juzijuzi kwa nini Kojani walinyeshewa, siye jua kali? Waliikaza!

— Basi waisukumie Unguja, — nikasema. — Wenzetu wana mitaro mikubwa.

— Hamjui kitu, — alisema Mmanga. — Karibuni wataitia ndani ya mitaro yenyewe. Itayaamrisha maji: weye kulia, weye kushoto, weye ngoja kwanza wapite wakubwa.

— Na maji yatatii? — aliuliza Othman.

— Yakikaidi yatapigwa faini.

— Wahenga wamemaliza, — alisema Ngwali. — Maji yakimwagika hayazoleki. Sasa mtaro wa nini?

— Lakini Sheha kasema tuzibue, — alisema Othman.

— Mchimba kisima huingia mwenyewe! — alijibu Ngwali. — Wenye mitaro yao na wakazibue. Siye tuna benchi.

Tukacheka sana. Tulikuwa bado twacheka alipotokea Bi Laila, mgeni wa mtaa, aliyehamia kutoka Shumba kwenye nyumba ya chini kabisa ya mteremko. Alikuwa na jembe mkononi, na pindo la buibui limejaa matope.

— Asalaam alaykum, wazee.

— Waalaykum salaam, Bi Laila. Karibu kahawa.

— Ahsanteni. Mvua iliyopita maji yalimfikia mama kitandani, na mama hawezi kuinuka. Leo nimeupata ujumbe wa Sheha, nikaanza kuzibua mtaro mlangoni kwangu, nikawa napanda nao. Kule chini nauona. Kule juu nauona. Hapa katikati umekwenda wapi?

Mmanga aliitazama simu, na simu safari hii haikuwa na habari. Othman alilifunika dele lake la kahawa. Miye niliona aibu, wallahi, nikakiweka kikombe chini. Ngwali alikuwa ameinua miguu yote miwili, haigusi tena zege lake.

Wingu lilikwishatanda upande wa bahari. Ngwali akasimama, akalikamata benchi kwa ncha moja.

— Redio, shika huko, — alisema. — Na weye Othman, kanitafutie mtaimbo.