Kitenge Kilichopita Chini ya Kiti

Msinisaidie kusimama. Asante dada, kaa tu. Nataka mwone ninavyoinuka mwenyewe. Haya, nimeinuka.

Wakubwa zangu shikamooni. Wadogo zangu, habari za mchana. Nimemwomba mwenyekiti aniruhusu niseme kabla ya mambo mengine, maana nikisubiri mwisho nitakimbia, na siku hizi miguu ya kukimbilia ninayo. Chekeni tu, mtaacha sasa hivi.

Goti langu la kulia mnalijua. Miaka mingi lilikuwa linasaga kama mashine ya kukoboa. Nilipalilia mahindi nimeegemea jembe, na mwishowe hata chooni kuchuchumaa nikashindwa. Kikundi hiki mkanichangia, mwanangu akaongezea, nikapelekwa Dar nikawekewa goti la bandia. Nikarudi hapa Mshangano na magongo mawili. Kabla ya kuniruhusu, mtaalamu wa mazoezi aliniambia, "Mzee, goti tumekuwekea, ila kulikunja ni kazi yako. Usipolikunja kila siku litaganda, utabaki na mguu kama mchi. Tafuta mtu akushike kisigino, akisukume nyuma hata kama unalia."

Mtu gani sasa? Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Mwanangu anaendesha lori, leo yuko Makambako, kesho Mbamba Bay. Nyumbani tumebaki mimi na mkwe wangu, mke wa huyo mwanangu. Na nyinyi mnajua tulivyolelewa. Mkwe na baba mkwe hawagusani. Akileta chakula anapiga goti, anaweka, anatoka. Mkeka nilioukalia yeye haukalii. Chumbani kwangu haingii nikiwemo. Leo aje anishike mguu mtupu, nimevaa bukta? Niliona heri nife.

Siku ya kwanza aliuliza akiwa nje ya mlango, "Baba, yale mazoezi tunafanyaje?"

Nikamfokea. "Nimeambiwa nifanye mwenyewe. Wewe angalia chungu chako jikoni."

Ndugu zangu, nawaambia ninaloona aibu kulisema. Kila asubuhi nilikuwa nafunga mlango, najilaza kitandani, naanza: "Moja! Aaah! Mbili! Mama yangu wee! Tatu!" Nahesabu, naugulia, na mguu umelala pale kama gogo. Sikuukunja. Ulikuwa unauma, na mimi ni mwoga, hilo nalo lijueni. Dirisha langu linatazama njia, mlikuwa mnapita mnanisikia. Mzee mwenzangu mmoja, nimemwona amekaa hapo, alisimama dirishani akasema, "Pambana, mzee! Wewe ni simba!" Na simba akaongeza sauti. Kuna siku nilihesabu huku natafuna karanga.

Sawa, chekeni.

Goti likaganda. Mlikuja kunitembelea, mkaleta sukari na unga, mkaniona nauburuta mguu. Mkasema nini? Mkasema, mzee wa watu anajitahidi masikini, kila siku anasikika, ila yule mkwe wake hana moyo, hata mguu hamshikii. Maneno hayo yalisemwa uani kwangu na niliyasikia. Nikanyamaza. Yalinifaa, kwa sababu lawama ikienda kwake haiji kwangu.

Siku ya kurudi kliniki hapa mjini ikafika. Daktari akaushika mguu, akaukunja, wapi! Akakasirika. "Nani anamfanyisha huyu mazoezi?"

Mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na mlango, amekumbatia ile bahasha ya picha za eksirei. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ni mimi, daktari. Nimezembea."

Yule daktari alimsema! Mlango uko wazi, wagonjwa wote kwenye benchi wanasikia. Kwamba anataka kumfanya mzee wa watu kilema. Kwamba vijana wa siku hizi kazi yao simu. Yeye kainamisha kichwa. Na mimi, mtu mzima mwenye mvi hizi, nilifanya nini? Nilitazama dari. Mpaka leo nikilala nauona ule ubao wa dari. Kisha nikaambiwa kwamba nisipobadilika upesi, nitarudishwa Dar nilazwe usingizi, goti likunjwe kwa nguvu, na hapo napo hakuna uhakika.

Tukarudi, mimi na bajaji, yeye na bodaboda, maana hata kiti kimoja hatukai. Jioni akaleta chakula, akapiga goti kama kawaida. Nikamuuliza, "Kwa nini ulisema vile kwa daktari?"

"Ningesemaje, baba? Niseme mbele ya watu kwamba baba yangu ni mwongo?"

"Kumbe ulijua?"

"Kitanda chako kinalia, baba, hata ukigeuka tu. Ulipokuwa unahesabu kilikuwa kimya."

Nililia. Sisemi machozi yalinilengalenga, hapana, nililia, yakadondokea kwenye ugali. Nikamwambia, mwanangu, nisamehe, lakini mguu wangu utaushikaje? Naona aibu. Akasema hata yeye anaona aibu. Halafu akaondoka, akarudi na kitenge chake kimoja, kile kigumu cha kubebea kuni.

Akasema, "Baba, vuta kiti, ukae uupe mlango mgongo. Funga kitenge kwenye kifundo cha mguu. Ncha nyingine ipitishe chini ya kiti, uirushe huku nje ya pazia."

Nikafanya. Yeye akakaa ukumbini, nyuma ya pazia. Hanioni, hanigusi. Nikasikia, "Baba, navuta."

"Subiri kidogo."

"Nimesubiri siku zote hizi, baba."

Akavuta. Jamani! Nilimtukana Kiswahili, nikamtukana Kingoni, nikamalizia kwa kumwita marehemu mama yangu. Akikaza anashikilia hapo hapo, anasema, "Pole baba," halafu anavuta tena. Asubuhi kabla ya kuchota maji, mchana, na jioni. Tulipopumzika tulizungumza kupitia lile pazia, mambo ambayo miaka yote hatujazungumza. Nilijua kwamba anamkumbuka mama yake kule Tunduru. Nilijua kwamba yale maneno ya uani hata yeye aliyasikia.

Tuliporudi kliniki, daktari akalikunja goti, likakunjika. Akanipa mkono, "Hongera mzee, umejituma." Safari hii sikutazama dari. Nilimwambia ukweli wote, na yule daktari, Mungu ambariki, alisimama akamwomba mkwe wangu radhi.

Kwa daktari nilimaliza. Kwenu nyinyi bado. Nimetembea kuja hapa bila gongo, nimeanza kwenda shambani tena, sokoni nakwenda, na kila mtu ananipongeza. Kila pongezi inanichoma. Nawashukuru kwa michango yenu, na kwa kuja kuniona. Mwanangu nimeshamshukuru kwa simu. Mwenye mgonjwa nyumbani nampa neno moja: aibu ya kuguswa inapita, lakini aibu ya kumwacha mtu abebe uongo wako, hiyo hukaa. Ninayo hapa.

Na nyinyi mliosema, siwalaumu. Mlisikia sauti yangu dirishani mkaniamini.

Yeye yuko hapo nje, anachochea kuni za chai yenu. Tangu yale maneno, tukikutana hapa hakai nanyi, anabaki jikoni. Mama mmoja aende akamwite, aambiwe aache chai, aingie akae katikati ya wenzake. Mimi sitakaa kabla yake. Msihofu, goti litahimili. Yeye ndiye aliyelikunja.