Sauti ya Mama Ndani ya Muchezo

Wapapa, wamama, na ninyi vijana mulioko pale nyuma karibu na mlango, asante kwa kuniachia nafasi. Mukiona ninalia, muniache nilie, kisha nitaendelea. Ushuhuda wangu iko wa muchezo wa telefone. Naona wamama wengine wameanza kucheka. Mucheke tu, hata mama yangu alinicheka.

Mimi natoka juu ya Nyabiondo, kwa watu wa ng'ombe na maziwa. Nilisomaka informatike kidogo, kazi ya kompyuta, nikarudi nyumbani na ordinatere nzee iliyofungwa na mupira ya pikipiki isiachane vipande. Nayo njo nilitengeneza muchezo wangu. Hakuna kampuni, hakuna patron. Kwa ule muchezo unachunga ng'ombe juu ya kilima, mvua inakuja, unapashwa kuzirudisha zote nyumbani. Ng'ombe hazifuate kidole chako, zinafuata sauti. Na hiyo sauti nilimuomba mama.

Ndugu zangu, nawaambia, huyo mama alijua kuita. Nilimufuata na telefone mpaka kwenye zizi. Akaniuliza, "Niite nani, na zote ziko hapa?" Nikamwambia, "Jifanye tu zimepotea, mama." Akakataa kabisa. Alisema ng'ombe haiitwe bure, itakuja na kukuta hauna neno nayo. Ilibidi ningoje jioni ya kweli, ng'ombe moja iko mbali, njo akaiita: "Kuja, mama yangu, kuja! Mvua iko inafika!" Hiyo njo nilitia ndani ya muchezo.

Nilituma muchezo kwa bwana mumoja wa Goma aliyesema anasaidia vijana kutangaza kazi zao. Akajibu: ondoa huyo mama mwenye kupiga kelele, tia muziki. Nilimusomea mama. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaniuliza kama huyo bwana anakunywaka maziwa, na anafikiri ng'ombe inajileta yenyewe.

Kisha vita ikafika kwetu. Tulitoka mbio. Ng'ombe moja yenye mimba ilikuwa imebaki bondeni, na mama akatuambia, "Tangulieni, ninaileta." Tukatangulia. Tukafika huku Ngungu. Mama hakufika.

Tuliuliza kila muntu aliyetoka kule. Hakuna aliyemuona. Hapo njo nilianguka. Muntu akikufa, unamulilia, watu wanakuja kukaa na weye. Lakini mama yangu hakuwa mufu, hakuwa muzima, na hakuna aliyejua aniambie pole ao aniambie vumilia. Nilishindwa kuomba. Ninyi mulikuwa munaimba humu kanisani, mimi niko nje nimeziba masikio. Muchezo nao, nikiufungua tu, mama anaita. Na ng'ombe moja ikipotea, telefone inaandika: UMESHINDWA. Niliandika hiyo neno kwa vidole vyangu mwenyewe. Nikaamua nifute kila kitu, hata sauti.

Wamama wa maombi wakapata habari, wakakuja kwetu. Mumoja wao, ameketi humu, sitamutaja, akaniambia, "Mutoto wangu, mbele ya kufuta, acha tumusikie mwenzetu." Nikawapa telefone. Wakasikia, kisha wakaanza kucheza, kidole cha huyu juu ya kidole cha yule, ng'ombe ikawapotea. Telefone ikaandika ile neno. Yule mama akakasirika:

"Nani ameshindwa? Kwetu ng'ombe ikipotea, majirani wote wanatoka, kila muntu anaita toka kilima chake! Mbona umemuacha mwenzetu anaita peke yake?"

Nimekulia mule, nimetembea na majirani nikiwa mudogo kutafuta ng'ombe za watu, na bado nilitengeneza kilima chenye muntu mumoja. Nikalia. Tangu mama apotee sikuwa nimelia hata kidogo. Nao wakalia, kisha nikawaomba waite, niwachukue sauti. Oo, waliita! Mpaka wapapa wakatoka kwenye nyumba wakiuliza ng'ombe ya nani imepotea.

Nikageuza muchezo. Sasa ng'ombe ikipotea, majirani wanaitika toka vilima vingine, na muchezo hauishe mpaka ipatikane. Niliuweka kwa internet, pale watengenezaji wadogo kama mimi wanawekaka kazi zao. Kule ulizama, hakuna aliyeuona. Lakini vijana wa hapa walitumiana, telefone kwa telefone, bila rezo ya internet. Wenye pikipiki wakaubeba mpaka Masisi, ukavuka ukafika Walikale.

Juzi telefone yangu ikalia. Ilikuwa mama mumoja wa Buleusa, kule kule Walikale. Namba yangu iko mwishoni mwa muchezo, njo aliitoa pale. Hakusalimia hata. Akasema, "Mutoto wangu iko anacheza, na mimi nasikia muntu ninayemujua. Huyu mama alikuwa anaita ng'ombe yake kwa shamba yetu. Weye njo binti yake?"

Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama niko na muntu karibu. Nikajua.

Alinieleza polepole. Njia ya kurudi ilifungwa, mama akaswaga ng'ombe yake pamoja na watu waliokimbilia upande wa Buleusa. Homa ikamukamata. Walimuuguza, ikashindikana, wakamuzika kando ya maharagi yao, wakamuimbia. Ng'ombe ilizaa, na maziwa yake wanakunywesha watoto.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia moyo umepona. Haujapona, unaniuma hata sasa ninaposema. Nashukuru wamama wa maombi walioniletea sauti zao. Nashukuru vijana na wenye pikipiki, hawakujua wamebeba nini. Na huyo mama wa Buleusa, Mungu amubariki, alifunga macho ya mama yangu wakati mimi siko. Funzo langu iko moja tu: ukipotelewa, usijifungie ndani. Toka, ita kwa sauti, uwaache watu waitike.

Njia ya Buleusa bado mbaya, siwezi kufika kwenye kaburi. Lakini mama yangu amekufa, sasa ninajua, na hatujamulilia. Ibada ikiisha, kilio kinaanza kwetu. Naomba mukuje.